Qt 5.15 au Qt 6: ratiba ya matoleo ipangwe kwa ajili ya nani?

Mzani wa Mbozi
Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya kupimia kahawa kwenye chama cha msingi huku Mbozi, nimeiandika kwa C++ na Qt 5.15 (Qt ni zana ya kuundia programu zenye madirisha). Mkulima anaweka gunia kwenye mzani, uzito unaingia kwenye kompyuta kwa waya wa siriali, stakabadhi inatoka. Kompyuta yenyewe ni Windows 7 na haina intaneti. Msimu ukikolea, foleni inaanza alfajiri.

Sasa Qt 6 haiitaki Windows 7, inaanzia Windows 10. Na tangu Januari 2021 marekebisho ya 5.15 wanaanza kuyapata wenye leseni ya kulipia. Hoja yangu ni hii: je, ni haki toleo la msaada wa muda mrefu kuwa la wenye pesa? Mimi nasema si haki. Zana hii imejengwa pia na watu wasioajiriwa na kampuni, wanapeleka kodi (maandishi ya programu) na kuripoti bagi, yaani hitilafu, bila malipo, halafu toleo lililotulia wanauziwa wengine. Sisi wa bure tunabaki kukimbizana na toleo jipya kila baada ya miezi sita.

Kodi Safi
Mkuu, Windows 7 Microsoft wenyewe waliiacha Januari 2020. Unataka watengenezaji wa Qt huko Ufini na Norwei wabebe mzigo ambao mwenye mali ameshautua? Kila mfumo wa zamani unaobaki kwenye orodha lazima ujaribiwe kila toleo linapotoka, na anayeujaribu anakula, analipa kodi ya nyumba.

Halafu tuambiane ukweli. Nyanda za juu kusini sisi ni watu wa kupakua tu. Sijaona mtu wa huku aliyeripoti hata bagi moja. Asiyechangia asimpangie mwenzake ratiba.

Binti Makambako
Hiyo ya mwisho imenichoma, na sitaiacha ipite. Umejuaje? Umepitia ripoti zote ukauliza kila mtu anatoka wapi? Mimi niliripoti tatizo la kuchapa kwenye printa ya risiti: mstari wa mwisho wa stakabadhi ulikuwa unakatwa katikati. Nikaandika mfano mdogo wa kodi unaoonyesha tatizo, nikaambatanisha na picha. Nikajibiwa, likarekebishwa. Sikuandika "natoka Makambako" kwa sababu fomu haiulizi.

Fundi Mwanjelwa
Dada umemjibu vizuri. Watu wa mtaa wa Forest wakishavutiwa intaneti ya faiba wanaona Mbeya nzima ni faiba. Mimi natengeneza kompyuta Mwanjelwa. Zinazoletwa dukani ni za mtumba, RAM GB 2. Ukiiwekea Windows 10 mteja anarudi kesho yake anasema umemwibia kifaa.

Kodi Safi
Fundi, mimi sikutaja faiba. Nimezungumzia kuchangia. Na sikai Forest, nakaa Uyole, natumia bando kama wewe.

Fundi Mwanjelwa
Uyole au Forest, umetuita wapakuaji. Wewe umechangia nini?

Kijana wa Iyunga
Wakubwa shikamooni. Mbona mnahangaika hivyo, Qt si ilikuwa ya Nokia? Nilidhani walizama nayo na simu zao.

Mzee wa Gangilonga
Marahaba kijana. Qt ilianza Norwei, kampuni ya Trolltech, miaka ya tisini. Nokia waliinunua 2008, na ni wakati wao, 2009, ilipowekwa leseni huria ya LGPL iliyotufungulia mlango watu wengi. Baadaye ikaenda kwa Digia wa Ufini, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni inayoisimamia sasa. Wenye mali wamebadilika, kodi ipo.

Na wewe Mzani, usiseme kana kwamba mlango umefungwa kabisa. Kuna makubaliano ya tangu 1998 kati ya watu wa KDE (jumuiya ya programu huria inayotumia Qt) na wenye Qt: ikipita miezi 12 bila toleo huria, ile taasisi yao ina haki ya kuitoa Qt kwa leseni huru ya aina ya BSD. Na hayo marekebisho ya 5.15 yanatoka hadharani mwaka mmoja baada ya wanaolipa kuyapata. Isitoshe KDE wanatunza mkusanyiko wao wa viraka kwa ajili ya Qt 5. Mimi nauona mpango wa namna hiyo unavumilika. Kampuni isiyolipwa hufa, na ikifa hatupati 6 wala 5.

Mzani wa Mbozi
Mzee, nakuheshimu, lakini mwaka mzima! Tundu la usalama likijulikana leo, mwenye leseni anazibiwa leo, mimi nakaa nalo mpaka mwakani na kila mwenye nia mbaya ameshalisoma.

Kodi Safi
Si umesema kompyuta haina intaneti? Tundu linaingiliwa na nani, na nzige?

Mzani wa Mbozi
Linaingiliwa na flashi. Karani anakuja asubuhi na flashi yenye miziki na picha za harusi, anachomeka kwenye mashine ileile inayotunza madeni ya pembejeo ya wakulima. Ungewahi kukaa kwenye chumba cha mzani usingeuliza.

Fundi Mwanjelwa
Flashi ndiyo adui namba moja. Kuna moja niliifungua ina mafolda yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Wekeni nta kwenye matundu ya USB.

Kijana wa Iyunga
Fundi, kipanya atachomeka wapi?

Binti Makambako
Turudi kwenye ratiba, maana kuna jambo hakuna aliyeligusa. Qt 6.0 ilitoka Desemba 2020 bila moduli ya siriali, kile kipande cha zana kinachosoma waya wa mzani. Narudia: bila siriali. Ilirudi kwenye 6.2, Septemba 2021, pamoja na Bluetooth, multimedia na ile ya kuonyesha kurasa za wavuti. Yaani kwa miezi tisa hivi, toleo lililotangazwa kuwa ndiyo mustakabali halikuwa na njia ya kusoma mzani. Aliyepanga foleni ya moduli alijua nani anaweza kungoja. Huko ndiko uonevu ulipo, kuliko hata kwenye leseni, kwa sababu leseni unaweza kuisoma ukajipanga, lakini ukiwa mwisho wa foleni unaambiwa tu "bado".

Kodi Safi
Dada, na hujasema kwamba waliweka moduli ya Core5Compat ili QRegExp na QTextCodec, zana za zamani za kushughulikia maandishi, ziendelee kufanya kazi. Hiyo si huruma? Na hakuna aliyelazimishwa kuhamia 6.0. Mimi nilihamisha programu ya duka la dawa, kilichonisumbua ni kikompaili tu (kinachogeuza kodi kuwa programu), kwa sababu Qt 6 inataka C++17, toleo la C++ la 2017.

Fundi Mwanjelwa
Duka la dawa la wapi, lenye kiyoyozi?

Kodi Safi
Fundi, una shida na mimi binafsi?

Mzee wa Gangilonga
Wanangu, taratibu. Mzani, umefikiria Linux? Debian, aina mojawapo ya Linux, bado wanaipakia Qt 5.15, na wao ndio wanaotunza marekebisho. Mashine ileile, programu ileile, unakompaili upya tu.

Mzani wa Mbozi
Nimefikiria, mzee. Kinachonikwamisha ni printa ya stakabadhi, draiva yake (programu ya kuiendesha) ni ya Windows. Na karani amezoea. Ukimbadilishia kitufe katikati ya msimu, foleni inafika barabarani na lawama zinakuja kwangu, si kwa Debian.

Kijana wa Iyunga
Printa nyingi za risiti zinapokea amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti, moja kwa moja. Unaandika baiti kwenye tundu lake, draiva huihitaji.

Binti Makambako
Kijana yuko sahihi. Ndivyo nilivyofanya baada ya ule mstari kukatwa. Mzani, nikutumie kodi yangu?

Mzani wa Mbozi
Tuma dada, nitashukuru sana. Lakini hiyo haimwondolei Kodi Safi deni la kujibu. Ulisema sisi hatuchangii.

Kodi Safi
Nilisema sijaona. Binti ameonyesha, nimeona. Hoja yangu ya gharama ya kujaribu mifumo ya zamani bado haijajibiwa na yeyote.

Fundi Mwanjelwa
Haya, nakujibu. Jumamosi njoo dukani Mwanjelwa na hiyo Debian ya mzee. Nina kompyuta ya Core 2 Duo ya RAM GB 2 na mzani wa dijitali wenye tundu la siriali, Kijana aje na baiti zake. Tukimaliza tunaandika ripoti kwa jina lako, na tukikuta bagi utaiandika wewe mwenyewe kwa bando lako la Uyole.

Kodi Safi
Saa ngapi?