Anko, ile elfu moja ilikuwa ya nini?

*Kikundi: UKOO WA BIBI MAJENGO 🍌*
*Jumamosi*

[14:07] Mama Glory: 📷 Picha

[14:07] Mama Glory: Wapendwa, nasafisha stoo ya mama hapa Majengo. Nyuma ya magunia ya pumba nimekutana na huyu mzee. Nani anamkumbuka?

[14:09] Kaka Ben: Aiseee! TV ya chogo! Si ndiyo hii kitufe chake kiling'oka tukawa tunabadilisha stesheni kwa koleo?

[14:09] Kaka Ben: Koleo lipo?

[14:10] Mama Glory: Lipo juu yake. Limeshika kutu limegandia hapo.

[14:12] Mama Mdogo Upendo: Bwana asifiwe. Nawakumbusha mchango wa kipaimara cha Faraja, mwisho leo saa 2 usiku. Mpaka sasa wametoa wanne.

[14:13] Kaka Ben: Mimi TV hiyo niliitazama kwa masikio. Utoto wangu wote niko juu ya mparachichi nimeshika antena. "Ben, rudisha kidogo! Hapo hapo! Umepitiliza!" Nikisikia nyumba nzima inacheka najua Vitimbi imekaa sawa. Nikiteremka tu, chenga. Mzee Ojwang' nimekuja kumwona sura vizuri nikiwa mtu mzima na ndevu.

[14:14] Kelvin: Shikamooni. Chenga ndiyo nini?

[14:14] Kaka Ben: Marahaba. Nenda kalale.

[14:16] Mama Glory: 😂😂 Kelvin, picha ilikuwa inajaa vidoti vyeupe kama mtu anapepeta mchele mbele ya kioo. Na KBC ya Kenya kuja mpaka Moshi ilikuwa bahati ya siku, mawingu yakikaa vibaya humpati Ojwang' wala Mama Kayai, unapata sauti tu kama redio.

[14:18] Shemeji Hamad: Poleni sana watu wa bara. Sisi Zanzibar tulikuwa na TV ya rangi tangu 1973. Nyie mmekaa mpaka 1994 ITV ilipoanza. Miaka 21! Mimi nilizaliwa, nikasoma, nikabalehe, nyie bado mko kwenye mparachichi.

[14:19] Kaka Ben: Shemeji, serikali ilisema TV ni anasa, sisi tulikuwa raia watiifu.

[14:20] Mama Glory: Watiifu wapi, wakati Deo alikuwa anapita mpakani Namanga na kanda za video chini ya kiti cha lori.

[14:23] Neema: Afadhali ametajwa. Nilikuwa nasubiri atajwe.

[14:24] Neema: Ngojeni niseme la moyoni. Wiki iliyopita nilikuwa na mafua, niko ndani siku tatu. Nikaitafuta YouTube ile komedi ya darasa la Kiingereza, Mind Your Language, ile kanda Anko Deo aliyokuwa anatutafsiria, tukaitazama mpaka ikawa inalia. Nimeangalia vipindi vitatu mfululizo.

[14:24] Neema: ANKO DEO UPO?

[14:25] Neema: Anko, mbona hakuna mtu anayedaiwa ada?

[14:26] Kaka Ben: Kivipi hakuna? Si yule Singasinga wa kilemba, Ranjeet, kila siku anamwambia mwalimu ameshalipa elfu moja, mwalimu anakataa?

[14:27] Neema: Kaka, anaomba RADHI elfu moja! Kila akikosea anasema samahani elfu. Hakuna ada. Hakuna risiti. Anko alisikia neno moja tu, elfu, mengine akajaza mwenyewe!

[14:27] Kaka Ben: Weeee

[14:28] Kaka Ben: Neema usinifanyie hivyo. Mimi yule Ranjeet nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa namwombea usiku.

[14:31] Neema: Subiri. Yule mama mkali anayefungua mlango ghafla, Miss Courtenay. Anko alisema ni nani?

[14:31] Mama Glory: Mwenye nyumba. Mwalimu Brown alikuwa hajalipa kodi.

[14:32] Neema: Ni mwalimu mkuu dada. MWALIMU MKUU. Na Jamila hakuwa anamfumia mwalimu sweta la uchumba. Anafuma tu, Kiingereza chenyewe hajui, hana la kufanya darasani.

[14:33] Mama Glory: Mungu wangu. Na Ali na Ranjeet je? Ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani?

[14:34] Neema: Mmoja Mpakistani, mmoja Mhindi. Wanagombania dini na nchi zao.

[14:34] Kaka Ben: Si ndiyo mpaka wa kihamba huo! Hapo Anko alipatia 😂😂😂

[14:36] Shemeji Hamad: Naomba nieleweshwe. Huyu mzee ndiye aliyenihoji Kiingereza siku ya posa?

[14:36] Mama Glory: Ndiye.

[14:37] Shemeji Hamad: Akasema changu hakijakomaa.

[14:41] Neema: Hamjasikia kubwa. Mr. Bean.

[14:41] Neema: Mr. Bean HASEMI. Vipindi kama 15 hivi, yule mtu anaguna tu kama ana jiwe mdomoni. Na Anko alitafsiri VYOTE.

[14:42] Kaka Ben: Yule wa kigari cha bluu cha matairi matatu, kila siku Bean anamsukuma anapinduka?

[14:42] Neema: Endelea. Ni nani yule?

[14:43] Kaka Ben: Shemeji yake. Alikula mahari ya dada yake Bean hakumalizia. Usiniambie

[14:43] Neema: Hana jina, hana sura. Hata uso wake hauonyeshwi vizuri. Ni gari tu.

[14:44] Kaka Ben: Nimekaa chini.

[14:45] Neema: Pale Krismasi alipoingiza kichwa ndani ya bata mzinga, Anko alisema anauliza "jamani nani kazima taa". Pale naona alipatia.

[14:47] Mama Glory: Sasa ndiyo naelewa kwa nini Deo hakuipenda Vitimbi. Ikianza tu anatoka kwenda kuangalia tairi. Kiswahili kila mtu anakielewa, yeye hana kazi!

[14:48] Mama Mdogo Upendo: Wametoa watano sasa. Aika Shemeji Hamad.

[14:52] Anko Deo: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

[14:53] Mama Glory: Niko na vumbi mikononi, nani aniandikie?

[14:58] Kelvin: Naandika mimi, niko kwenye Hiace natoka Usa River. Anko anasema hivi: "Hamjambo wote. Naona nimewekwa kizimbani kama Vioja Mahakamani. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha Namanga. Paspoti, risiti, fungua nyuma, mai frendi. Basi. Nilivyoleta ile deki ya video, baba aliita watu. Sebule imejaa, dirishani wamejaa, watoto wamekaa mpaka chini ya meza. Kanda imeanza, wazungu wameongea dakika nzima, kimya. Mama akaniambia mbele ya watu wote, Deo, wanasema nini? Sasa nyie mnaonihukumu, ningesema sijui? Na wakati naomba fedha ya deki nilisema itanisaidia kujifunza lugha?" Halafu anakohoa. Halafu anasema, "Nilikuwa nasubiri wale wa kwenye TV wacheke kwanza. Wakicheka najua hapo pana jambo, natafuta la kuweka."

[15:00] Kelvin: Mwisho amesema vijana wa Arusha hawana adabu, ila nadhani ni kwa konda sio kwetu.

[15:03] Neema: 😂😂😂 Nimelia. Kwamba alikuwa anafuata kicheko!

[15:05] Kelvin: Kwani Anko hakujua vile vicheko vingine ni vya mashine? Kulikuwa na fundi Mmarekani, Charles Douglass, miaka ya 1950 alitengeneza sanduku lenye vicheko vilivyorekodiwa. Anabonyeza kitufe, watu wanacheka kidogo, anabonyeza kingine wanaangua. Nyingine walikuwa wanacheka watu wa kweli studio, kama I Love Lucy.

[15:06] Kaka Ben: Kwa hiyo Marekani mtu anabonyeza sanduku, Moshi Anko anamsema shemeji wa Bean.

[15:09] Mama Glory: Mnakumbuka mama na vile vicheko? Alikuwa anajua ni majirani wako nje. "Glory, toka ukawaambie waingie ndani, wananikanyagia mboga." Natoka na kibatari, na kweli nawakuta! Watu saba wamesimama kwenye mchicha. Nikirudi wale wa TV bado wanacheka, mama ananiambia, wengine wamekataa kuingia?

[15:10] Neema: 😂😂 Bibi jamani

[15:15] Kelvin: Ila nimeisoma hiyo Mind Your Language. Ilianza 1977, ikakatwa 1979, mkubwa wa ile stesheni ya London, Michael Grade, aliona inawadhihaki wageni. Ikafufuliwa 1986. Mngeileta leo ingekuwa kesi. Mhindi anatikisa kichwa, Mjapani anainama inama, kila mtu katuni.

[15:17] Shemeji Hamad: Hilo kweli. Wangeweka na Mzanzibari angepewa kanzu na karafuu mkononi.

[15:21] Mama Glory: Mama yuko hapa pembeni namsomea. Anasema ile haikuwa ya Wahindi wala ya Wajapani. Anasema ile ilikuwa ngumbaru.

[15:22] Kelvin: Ngumbaru?

[15:26] Mama Glory: Kisomo cha watu wazima. 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama akaandikishwa, jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe anakwenda na daftari kwenye khanga. Darasani yupo mzee wa miaka 60, yupo muuza mbege, yupo bwana mmoja wa Kondoa anatamka kila neno kivyake, na mwalimu ni kijana mdogo hajaoa. Anasema alivyomwona yule Brown na wanafunzi wake, alijua kila kitu bila kuambiwa. Anayeinua mkono kila saa, anayesinzia, anayefuma. Anasema wao anayefuma alikuwa mama Shirima.

[15:27] Mama Glory: Samahani, anasema nisiandike majina.

[15:28] Kaka Ben: Umeshaandika.

[15:30] Neema: Bibi alikuwa anaelewa wakati wote???

[15:33] Mama Glory: Anasema Deo alijulikana mapema sana. Siku moja kanda ilikwama, picha imesimama palepale mwalimu kaachama mdomo, mmoja anafuta hedi ya deki kwa pamba na spiriti. Deo akaendelea kutafsiri.

[15:33] Kaka Ben: 😂😂😂😂😂😂

[15:34] Shemeji Hamad: Mimi nahama kundi

[15:34] Neema: Anko ulitafsiri PICHA IMESIMAMA

[15:36] Anko Deo: nilikuwa namalizia sentensi

[15:38] Neema: Bibi kwa nini hukusema sasa?

[15:40] Mama Glory: Anasema ya Deo ilikuwa nzuri kuliko ya wazungu. Ila anasema hakuna iliyomfikia Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania. Wale matapeli walikuwa hawahitaji umeme wa nyumbani, betri mbili tu, na ukizianika juani zinaongeza wiki.

[15:44] Neema: Nimesoma pia yule aliyecheza mwalimu Brown, Barry Evans, kazi za uigizaji zilimwishia. Akawa anaendesha teksi. Amefariki 1997.

[15:51] Anko Deo: Alikuwa dereva?

[15:51] Neema: Ndiyo Anko. Teksi.

[15:58] Anko Deo: Kumbe nilikuwa namsemea dereva mwenzangu.

[16:02] Mama Glory: Mama anauliza, yule mwalimu kodi alimaliza kulipa?

[16:03] Neema: Bibi, hakukuwa na kodi. Yule ni mwalimu mkuu.

[16:04] Mama Glory: Anasema hajakuuliza wewe. Anamuuliza Deo.

[16:11] Anko Deo: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:26)

[16:16] Kaka Ben: Nimesikiliza. Amelipa miezi mitatu kwa mpigo. Ranjeet ndiye kamkopesha. Elfu moja.

[16:17] Neema: 😭😭😭

[16:18] Mama Glory: Mama kacheka mpaka kitenge kimedondoka. Anataka aisikie tena.

[16:20] Mama Mdogo Upendo: Ndugu zangu, komedi imeisha? Wako sita. Faraja hatabarikiwa kwa kicheko, keki imeshaagizwa.

[16:21] Anko Deo: Mimi nimeshalipa elfu moja

[16:21] Mama Mdogo Upendo: Kaka, kima cha chini ni elfu 30.

[19:48] Baba Faraja: Habari za jioni. Ndiyo naingia hewani. Nimeona picha tu, sijasoma huko juu. Hiyo TV inauzwa bei gani, pamoja na koleo?