Ushauri: kusafiri na mtoto mwenye kifua, Kampala hadi Mbarara

Mkisenyi7: Habari za jioni wakubwa. Mtoto wangu kifua kimembana, anakohoa na kuhema mbiombio. Kesho alfajiri tunapanda basi la Mbarara. Nimfunike vipi upepo usimpige? Tukae upande gani? Nimechanganyikiwa, usiku silali.

Konda Mstaafu: Kaeni katikati, mbali na mlango. Na mkifika Lukaya, pale njiani wanapouza kuku wa kuchoma, uliza bei kwanza ndipo ushike kuku.

Mama Shadia: Yaache ya basi. Ana umri gani? Wangu wa tatu alibanwa hivyohivyo, akatiwa mipira ya oksijeni puani. Kunyonya alishindwa, nikawa namkamulia kwenye kikombe, wauguzi wanampitishia kwa mpira. Na kama mnapikia sigiri chumbani, itoeni leo leo.

Mkisenyi7: Sigiri iko barazani. Umri si hoja, ni mchanga tu. Wiki tano.

Mama Shadia: WIKI TANO! Mbarara kuna nini kisichokuwepo Kampala?

Mkisenyi7: Haya, niseme. Mama mkwe anasema ni oburo, yaani ulezi umekwama kifuani. Kuna mzee kijijini huchanja kifua kwa wembe akautoa huo ulezi. Shemeji zangu wote walichanjwa, wako hai. Kliniki ya mtaani ilitupa dawa ya maji, hakuna nafuu. Nauli tumeshalipa, mzee anatungoja. Mkwe nitamwambia nini?

Afande Mzee: Zamani tulifukizwa majani tukapona, leo kila kikohozi mashine. Ila wembe kwa kichanga, hapana.

Nesi wa Arua: Dada, kifuani mwa mtoto hamna ulezi. Wembe utamwongezea kidonda na damu kupotea juu ya ugonjwa uleule. Akitulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni hatari. Tazama chini ya mbavu: panabonyea ndani akivuta pumzi? Akikataa ziwa, akiguna au midomo ikiwa ya bluu, usihesabu, kimbia. Umri huo hutibiwa wodini, kwa sindano, na oksijeni ikihitajika. Hata chanjo ya nimonia huanza wiki ya 6, hajaipata.

Mpelelezi: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye aliyeuza pikipiki hapa mwezi jana, akajiita kijana asiye na mke? Leo ana mama mkwe?

Konda Mstaafu: Lo! Na mimi nishagawa viti.

Mkisenyi7: Akaunti na simu ni za kaka yangu. Mnataka niwapigie picha kifua cha mwanangu?

Mpelelezi: Video fupi tu.

Mama Shadia: Muongo au mkweli, kuna mwingine anasoma hapa kamshika wake mkononi. Mpelelezi, kalale.

Mkisenyi7: Nimehesabu. 71, nikarudia, 68. Panabonyea. Ziwa la jioni kalisukuma. Baba yake anasema nauli hairudishwi.

Nesi wa Arua: Nauli iende! Hospitali za serikali zilifuta ada ya matibabu tangu 2001. Mpakate ngozi kwa ngozi, jifunikeni, ondokeni sasa hivi. Mlangoni sema "wiki tano, hanyonyi, anahema 70". Usipange foleni. Mkwe apigiwe mkiwa wodini, na mumeo ndiye apige.

Mkisenyi7: Boda imefika.

Konda Mstaafu: Tiketi hizo nina mtu anazitaka, nitumie ujumbe pembeni.

Mpelelezi: Na pikipiki iliuzwa?