Naombeni ushauri: karakana ya samani Keko, nimeahidiwa nafasi ya kwanza kwenye Google kwa malipo ya kila mwezi

Seremala wa Keko

Habari zenu wakuu.

Nina karakana ndogo ya samani maeneo ya Keko, Dar es Salaam, ambayo nimeiendesha kwa miaka tisa nikiwa na mafundi wanne. Tunatengeneza vitanda, makabati ya nguo, meza za chakula na makabati ya jikoni, hasa kwa mbao za mninga na mkongo. Kwa muda mrefu wateja wangu wamekuwa wakielekezana wao kwa wao, na wengine walikuwa wakipita barabarani wakaona kazi tulizozipanga nje. Tangu mwaka jana hao wa barabarani wamepungua, na wanaonipigia simu huniambia kwamba walianza kwa kutafuta mtandaoni, wakakuta karakana za watu wengine, ndipo ndugu au jirani akawapa namba yangu.

Mwaka juzi nilimlipa kijana mmoja akanitengenezea tovuti. Ipo hadi leo, ina kurasa tatu kwa Kiingereza na picha kumi na mbili, lakini nikiandika "kitanda cha mninga" kwenye Google siioni hata nikisogea hadi ukurasa wa tano. Wiki iliyopita mtu mwingine amenitumia ujumbe wa WhatsApp akisema kwamba kwa shilingi 350,000 kila mwezi atanifikisha nafasi ya kwanza ndani ya siku 14. Katika kazi atakazofanya ameorodhesha viungo (links) 1,000 vya kuelekeza kwenye tovuti yangu kutoka tovuti za nje, maneno muhimu 200 katika kila ukurasa, na maoni 50 ya nyota tano. Fedha hiyo nikiitoa kila mwezi itabidi nimpunguze fundi mmoja, kwa hiyo ninaomba wenye uzoefu mnieleze kama ahadi hii ina ukweli, na kama haina, nianzie wapi.

Mtengeneza tovuti, Moshi

Ndugu mleta mada, tafadhali usimlipe mtu huyo. Google haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika matokeo ya kawaida, na imeandika wazi katika miongozo yake kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Wanachouza wao ni matangazo, ambayo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa yamelipiwa na huondoka siku fedha inapoisha.

Sasa tazama hizo kazi zake. Kama maneno muhimu 200 ni yale yanayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kabisa katika kupanga matokeo. Na kama anakusudia kuyarundika kwenye maandishi yanayosomwa, huo ni ukiukaji wa kanuni zao, mbali na kwamba mteja atakayefungua ukurasa kama huo ataufunga. Viungo navyo vina historia yake. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford walianza na wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zenye heshima huenda nao una manufaa. Watu walipoligundua hilo wakaanza kuuziana viungo, na mwezi Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililoitwa Penguin, ambalo lilizishusha vibaya tovuti zilizokuwa zikitegemea viungo vya aina hiyo. Ikiwa umewahi kutengeneza vitanda vya nyumba ya wageni, na mwenye nyumba hiyo akakutaja kwenye tovuti yake pamoja na kiungo, hicho kimoja kina thamani kuliko 1,000 vya kununua.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba Google inaifahamu tovuti yako. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika neno site, weka nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kama hakuna kinachotokea, ina maana kurasa zako hazijaingizwa kwenye kumbukumbu zao, na hapo utahitaji kufungua Search Console, ambayo ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ili uone kinachozuia. Nimekutana na tovuti zaidi ya moja ambazo fundi aliweka amri ya kuzuia injini za utafutaji wakati anaijenga, akasahau kuiondoa alipomaliza.

Jambo la pili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, nalo ni lugha. Wewe mwenyewe umetafuta "kitanda cha mninga", ilhali tovuti yako imeandikwa kwa Kiingereza. Ni vigumu Google kumpa mtu ukurasa usio na maneno aliyoyatafuta. Kumbuka simu tatu za mwisho ulizopigiwa: mteja alisema nini? Bila shaka hakusema kwamba anatafuta samani za kisasa zenye ubora wa kimataifa. Aliuliza kitanda cha tano kwa sita cha mninga ni shilingi ngapi, kinachukua siku ngapi, na kama mnapeleka Mbagala au Kigamboni. Maswali hayo ndiyo vichwa vya kurasa zako. Fungua ukurasa wa vitanda, mwingine wa makabati ya nguo, mwingine wa makabati ya jikoni, na katika kila mmoja ujibu maswali hayo kama unavyoyajibu kwenye simu, kwa vipimo na kwa bei.

Kuhusu picha, naomba unijibu: zilipandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu? Picha ya simu ya siku hizi hufika megabaiti 4 au 5, na kumi na mbili za namna hiyo humaliza bando la mtu kabla hajaona kitanda kimoja. Zipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja. Badala ya kuziacha na majina ya namba yaliyotoka kwenye kamera, zipe majina yanayoeleza kilichomo, na kwenye nafasi ya maelezo ya picha uandike kitu kama "kitanda cha mninga futi 5 kwa 6 chenye droo mbili".

Muuza vitenge, Mwanza

Kaka, hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Mimi si mtaalamu wa tovuti, ila nina duka na nimeyapitia haya, kwa hiyo nitaongeza mawili.

La kwanza ni Wasifu wa Biashara kwenye Google, ule unaokuweka kwenye ramani. Haulipiwi. Mtu akitafuta fundi wa samani akiwa Temeke, mara nyingi huonyeshwa kwanza ramani yenye biashara chache, na Google inaeleza kwamba huzipanga kwa kuangalia mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na alichotafuta, umbali wake kutoka alipo, na umaarufu wake. Umbali huna la kuufanya, lakini hayo mawili mengine yanategemea bidii yako. Andika jina la karakana kama lilivyo kwenye kibao, bila kuchomekea "vitanda bei nafuu Dar es Salaam", kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kusababisha wasifu kusimamishwa. Chagua aina sahihi ya biashara, weka saa za kazi za kweli zikiwemo za sikukuu, kisha uweke picha za kazi zako.

Maoni 50 ya kununua yaogope kama moto. Ni kosa kwa kanuni za Google, na hata kumpa mteja punguzo ili akuandikie maoni hairuhusiwi. Unachoruhusiwa ni kuomba. Mimi humtumia mteja kiungo siku anapopokea mzigo, nikamwomba aandike alichonunua na alivyokiona, na kila anayeandika ninamjibu, hata aliyelalamika. Yule aliyelalamika humjibu kwa upole zaidi kuliko wengine wote, kwa maana jibu lile litasomwa na wageni wengi ambao sitawahi kujua kwamba walilisoma.

La pili ni la uchungu. Tovuti yangu ya kwanza ilisajiliwa na aliyenitengenezea kwa jina lake na barua pepe yake. Muda wa kulipia ada ya mwaka ulipofika hakupatikana tena kwenye simu, anwani ikafa, na mifuko yote niliyokuwa nimeichapisha ikiwa na anwani ile ikawa haina maana. Nililia siku ile, sikuona haya. Tafadhali leo hii hakikisha kwamba jina la tovuti yako, liwe .co.tz au jingine, limesajiliwa kwa jina lako, na kwamba nenosiri la kila akaunti unalo wewe. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, umiliki ubaki kwako.

Mchomeleaji, Arusha

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini kwa biashara ya fundi mimi nisingeanza na tovuti. Ninatengeneza mageti na madirisha, na wateja wangu wengi hutoka Instagram na kwenye hali za WhatsApp za watu niliowafanyia kazi. Mteja anataka kuona geti likiwa limesimama kwenye nyumba ya mtu. Programu ya WhatsApp Business ina katalogi, unaweka picha, maelezo na bei, na mtu akiuliza unamtumia bidhaa yenyewe.

Ninachowasihi mafundi wenzangu ni kuacha tabia ya kuandika "bei njoo inbox". Mtu mwenye bajeti ya laki sita hajui kama kitanda chako ni laki nne au milioni mbili, na aghalabu haulizi, anapita tu. Kama bei hubadilika kulingana na mbao, taja inapoanzia.

Mtengeneza tovuti, Moshi

Mchomeleaji, kuhusu bei tuko pamoja kabisa. Ila tutofautishe watu wa aina mbili. Anayeona kazi yako Instagram alikuwa akipita, naye anaweza kukukumbuka baada ya miezi sita. Anayeandika "kabati la nguo milango mitatu bei" ana ukuta mtupu nyumbani na pengine fedha mkononi. Huyo wa pili ndiye anayempita ndugu yetu wa Keko kila siku. Kwa mtu asiye na muda, ningeanza na ramani, halafu katalogi, halafu tovuti. Na awe mvumilivu, kwani Google wenyewe husema baadhi ya mabadiliko huonekana baada ya saa chache na mengine baada ya miezi kadhaa.

Seremala wa Keko

Nawashukuru sana wote. Yule wa siku 14 nimemjibu kwamba sitaendelea naye.

Nimekagua kama mlivyoelekeza. Tovuti ipo kwenye kumbukumbu za Google, lakini ni ukurasa mmoja tu kati ya mitatu. Picha ni kweli zilitoka kwenye simu, na kubwa kuliko zote ina megabaiti 6. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana. Namshukuru Mungu bado anapokea simu, na amekubali kunihamishia Jumatatu.

Wasifu wa ramani nimeufungua jana. Waliniomba video moja isiyokatwa, nikaanzia barabarani ili jina la mtaa lionekane, nikapita kwenye kibao, nikafungua kufuli la geti kwa ufunguo wangu, nikaingia hadi kwenye randa ya umeme ambapo kijana wangu alikuwa akipitisha ubao wa mninga. Wameniambia wanaikagua. Wakati nikisubiri nimekaa na daftari la oda na kuandika maswali ambayo wateja wameniuliza mwezi huu. Yamefika kumi na saba, na sita kati yake yanahusu jambo ambalo sikuwahi kuliandika popote: kama mbao zimekauka vya kutosha, na kama kitanda kitapinda. Nitaanza na ukurasa huo.