Spotless kwenye Gradle inagomea faili za zamani, nifanyeje?

fundi_kodi
Wakuu habari za saa hizi. Nina mradi wa Java wenye moduli kadhaa, tunaujenga kwa Gradle, umekaa miaka na kila aliyepita kaandika anavyojua yeye, huyu tabu yule spesi, sasa nimepewa kazi ya kuweka fomata (programu ya kupanga kodi ikae mtindo mmoja) nikachagua plagini ya Spotless, nimeiweka hivi kwenye build.gradle:

```
spotless {
    java {
        googleJavaFormat('1.22.0')
    }
}
```

Plagini imeingia fresh ila sasa ./gradlew build haimalizi, inalalamikia faili ambazo hakuna aliyezigusa siku nyingi. Nikipiga spotlessApply, ile amri ya kupanga faili upya, inabadilisha karibu mradi mzima, na wenzangu wawili wana matawi makubwa bado hayajaunganishwa, hiyo nikiipusha main watapata migongano kila kona. Halafu kila kitu kimekuwa spesi mbili na sisi tumezoea nne. Kuna namna ya kuiambia ishughulike na kodi mpya tu?

dada_gradle
Mkuu bildi kugoma hapo ni kawaida, Spotless ukishaiweka inajifunga kwenye check, ile hatua ya ukaguzi ya Gradle, na build inaita check, kwa hiyo spotlessCheck inapitia kila faili ya Java hata ile ya mwaka juzi. Kuna watakaokwambia weka enforceCheck false ili check isiite spotlessCheck, usikubali, hapo utabaki na fomata ambayo haimbani mtu. Fanya hivi:

```
spotless {
    ratchetFrom 'origin/main'
    java {
        targetExclude('build/')
        googleJavaFormat('1.22.0').aosp()
    }
}
```

ratchetFrom inalinganisha na origin/main, yaani tawi kuu la kwenye seva, faili ambayo haina tofauti na ya huko inarukwa kabisa. aosp() ndo inakupa spesi nne, ule mtindo wa Android. Na hiyo targetExclude ni kwa ajili ya kodi inayozalishwa na bildi yenyewe kama ya protobuf, hakuna sababu ya kuinyoosha maana kesho inazalishwa upya vilevile.

fundi_kodi
Asante sana dada, kwenye laptop imekubali. Ila nikipusha, GitHub Actions inayotujengea mradi kule GitHub inaanguka, inaandika No such reference 'origin/main', na main ipo kabisa naiona kwa macho. Pia kuna mwenzetu anatumia Windows, faili anazotengeneza yeye kwetu sisi wa Linux zinakataliwa nzima nzima, ukisoma ile tofauti kila mstari una \r\n (alama ya Windows ya kumaliza mstari) mwishoni wakati maneno ni yaleyale.

mzee_wa_bildi
Ya kwanza, actions/checkout, ile hatua inayovuta kodi kwenye GitHub Actions, ikiachwa ilivyo inavuta komiti moja tu, ile inayojengwa, historia nyingine haipo kule na origin/main haipo pia, sasa Spotless italinganisha na nini? Kwenye hiyo hatua ya checkout weka with, chini yake fetch-depth: 0, itavuta historia yote na matawi yote.

Ya pili sio kosa la fomata, ni miisho ya mistari. Tengeneza .gitattributes pale juu kabisa kwenye mradi, andika *.java text eol=lf, halafu git add --renormalize . ukomiti. Spotless inaisoma hiyo faili kwa hiyo Windows na Linux wote watadaiwa kitu kimoja. Huyo wa Windows akimaliza kupusha kazi zake aikloni repo upya, asibaki na faili za zamani kwenye diski.

kijana_wa_git
Mimi hiyo ratchet naipinga kidogo jamani. Inaangalia faili, haiangalii mstari. Ukigusa mstari mmoja kwenye faili la zamani lenye mistari elfu, lote linapangwa upya, anayekagua puli rikwesti anaona bahari ya mabadiliko na ile bagi uliyorekebisha imezama humohumo ndani. Na hali hiyo itaendelea mpaka faili la mwisho liguswe. Bora mpange siku moja muimalize. Komiti ya kwanza iwe ya kuweka plagini peke yake bila ratchet, ya pili iwe matokeo ya spotlessApply na kitu kingine chochote kisiingie humo. Hashi (namba ya utambulisho) ya hiyo komiti ya pili iandike kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, kisha kila mtu apige

git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs

Inataka Git 2.23 kwenda juu. Hapo git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, inairuka hiyo komiti, unaendelea kuona aliyeandika mstari kweli, na GitHub nayo inalitambua hilo faili.

fundi_kodi
Na hawa wenye matawi makubwa je? Hao ndo walionifanya niulize.

kijana_wa_git
Ndo maana nikasema komiti mbili. Mwenye tawi aunganishe kwanza ile komiti ya plagini, migongano hapo ni ya kawaida tu. Halafu apige ./gradlew spotlessApply kwenye tawi lake, akomiti. Mwisho git merge -s ours na hashi ya komiti ya fomati, anabaki na faili zake kama zilivyo, na kwa vile zimepitia fomata ileile ya toleo lilelile hapotezi kitu. Wahi tu kabla main haijapata komiti nyingine juu yake, na hiyo -s ours aipe hashi yenyewe, asiandike origin/main, maana akiiandika na main imeshasonga mbele atafuta kazi za wenzake bila kuonywa.

dada_gradle
Kama mnaweza kuisimamisha main kwa nusu siku basi njia ya kijana ni nzuri kuliko yangu. Kama hamuwezi anza na ratchet, ukija kuiondoa baadaye ni mstari mmoja tu.