Nimepewa michezo ya sikukuu ya kiangazi kwa wazee 28, naombeni ushauri

Binti wa Pangani

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nipo Japani, nimeolewa huku, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kituo cha kutwa cha wazee. Asubuhi gari linawafuata majumbani, wanaoga, wanakula, wanafanya mazoezi, saa kumi jioni wanarudishwa. Kila mwezi wa nane tunafanya natsumatsuri, sikukuu ya kiangazi: vibanda vya michezo ukumbini, taa za karatasi, ngoma, vyakula vya mtaani. Mwaka huu meneja kanikabidhi michezo yote. Wazee ni 28. Tisa wako kwenye viti vya magurudumu, watano wamepooza upande mmoja kwa kiharusi, na karibu nusu wana ugonjwa wa kusahau. Nina saa moja tu, kuanzia saa nane mchana.

Kinachoninyima usingizi ni cha mwaka jana. Kuna babu wa miaka 91, alikuwa seremala wa kujenga nyumba. Tulimpa pete arushe kwenye vijiti, ya kwanza ikaingia. Tukapiga makofi na vigelegele, "hodari, hodari!", kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto. Akaziweka pete zilizobaki mezani moja juu ya nyingine, akazinyoosha zikae sawa, akasema taratibu, "Mimi si mtoto wa chekechea." Hakucheza tena siku ile. Kwetu mzee kama huyo unamwamkia kwa adabu, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpigia vigelegele.

Naombeni michezo isiyowavunjia heshima, na ambayo mwenye mkono mmoja atacheza mwenyewe bila sisi kumshika mkono.

Kaka wa Osaka

Dada pole, lakini umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Nina miaka sita kwenye kazi hii.

Anza na mchezo wa kuvua maputo ya maji. Wenyewe wanatumia ndoano iliyofungwa kwenye uzi wa karatasi, na karatasi ikilowa inakatika. Kwa wazee wetu inakatika kabla hawajalenga, wanakata tamaa. Weka waya mwembamba badala ya karatasi. Beseni liwe la kina kifupi na likae juu ya meza. Likiwa sakafuni mzee anainama, na hapo ndipo anapodondoka. Taulo kavu ziwe tele, maana maji yakimwagika sakafu inateleza.

Pete na mipira: usipange umbali mmoja kwa wote. Bandika mistari mitatu sakafuni, mmoja mita moja, mwingine mita moja na nusu, wa mwisho mita mbili, kila mtu achague wake. Utashangaa, wengi watachagua wa mbali. Aliyepooza kulia mgeuze kidogo ili mkono wa kushoto uwe na nafasi. Funga breki za kiti, na kama anaweza, miguu itoke kwenye vikanyagio ikae sakafuni. Akijivuta mbele huku amekanyaga vikanyagio, kiti kinaweza kupinduka naye.

Bunduki ya kuchezea inayorusha kizibo mimi niliiacha. Mama mmoja aliposikia ule mlio aliziba masikio akaanza kulia. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1945, mabomu yalipokuwa yanadondoshwa mjini kwao. Tukaweka bastola za maji, wanalenga vikombe vya karatasi vilivyopangwa piramidi. Hazina kelele, na vikombe vikianguka kila mtu anaona.

Nesi Mwanakwetu

Mimi niko Uingereza, michezo ya huko siijui. Nakuja na suala la kula tu.

Mdogo wangu, najua watakuletea ile barafu ya kukwangua yenye sharubati. Waulize wauguzi ni nani anakunywa vinywaji vilivyozitishwa kwa unga. Hao wasipewe barafu hiyo. Mdomoni inayeyuka na kuwa maji mepesi, na maji mepesi ndiyo yanayowapalia. Sharubati yao izitishwe mapema, ipoe kwenye friji, wapewe kwenye bakuli lilelile zuri kama wenzao. Andika majina yao kwenye karatasi iliyo mkononi mwa anayegawa. Usitegemee kichwa, siku ya sherehe kila mtu ana pilikapilika.

Vyakula vya kunata na vya kuvutika kama mpira, mfano pweza, hapana.

Mjukuu wa Bibi

Dada yangu, sijawahi kufanya kazi kituoni, ila namlea bibi hapa Tanga, ana miaka 88. Nilikuwa namwekea redio tu nikidhani anastarehe. Siku moja jirani alileta mchele, bibi akaomba ungo. Ukimwona anavyopepeta! Majina ya wajukuu anayasahau, lakini mikono haijasahau. Tangu siku ile simpi cha kumchezesha, nampa kazi ambayo mimi siiwezi.

Huyo fundi seremala mwombe akujengee kibanda. Au akupimie tu, akwambie mbao zikae wapi. Muulize kwa dhati, maana wewe hujui na yeye anajua.

Kaka wa Osaka

Mjukuu wa Bibi kasema kitu. Hilo ndilo linafanya ile ngoma yao ya kiangazi ifanikiwe kila mwaka. Inaitwa Tanko Bushi, ni ya wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka, na miondoko yake ni kazi yenyewe: unachimba, unatupia mzigo begani, unaweka kiganja juu ya macho kutazama mwezi, unasukuma kitoroli, unapiga makofi. Yote inachezeka umekaa. Dada, wewe simama katikati na waombe wakufundishe. Tunaye bibi asiyeongea kabisa, ngoma ikianza mikono inapanda yenyewe.

Jambo jingine. Mwezi wa nane ni Obon, roho za marehemu zinarudi nyumbani. Wanatengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya kwa vijiti vinne vya miguu: farasi wa kuwaleta upesi, ng'ombe wa kuwarudisha polepole. Weka meza ya kazi hiyo kwa wasiopenda kurusha vitu. Uliza kwanza ni nani amefiwa mwaka huu, maana Obon ya kwanza baada ya msiba ni nzito. Huyo usimvute mezani, mwache aje mwenyewe.

Binti wa Pangani

Nimesoma yote mara mbili. Mungu awabariki.

Leo nilimfuata babu na karatasi nikamwambia nataka kibanda cha pete na sijui kipimo. Alikaa kimya mpaka nikadhani kakataa. Kisha akaomba penseli. Akachora, akaandika vipimo kwa herufi ndogo ndogo, akanirudishia bila neno. Nilipogeuka akaniita, akasema vijiti visiwe wima, vilale kidogo kumwelekea anayerusha. Mwaka jana vilikuwa wima.

Jioni nitajifunza kuwavalisha yukata, vazi lao jepesi la kiangazi. Nimeelewa ni kama kufunga khanga tu, upande wa kulia unapita juu, si ndiyo?

Kaka wa Osaka

HAPANA dada, soma hii kabla hujamgusa mtu. Upande wa kushoto wa mvaaji ndio unakaa juu. Kulia kukiwa juu, hivyo ndivyo anavyovalishwa maiti. Ukimvalisha umesimama mbele yake ni rahisi kuchanganya, kwa hiyo angalia kola: machoni pako ifanye umbo la herufi y ndogo. Na mkono wa kulia wa mvaaji uingie kifuani bila kukwama. Ukikwama, fungua uanze upya.

Binti wa Pangani

Mwili umenisisimka. Nimechora hiyo y ndogo kwa kalamu nyekundu, naibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.