Mpaka wa juu wa masafa ya uhakika umepita 1: nimekosea wapi?

Swali
Nilichagua kwa bahati nasibu mbegu 40 kutoka shehena kubwa nikazipanda, na 38 zikaota, yaani uwiano wa 0.95. Nilizidisha 0.95 kwa 0.05, nikagawanya kwa 40, nikatafuta kipeuo cha pili na kupata kosa sanifu (kipimo cha jinsi uwiano unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine) la 0.0345. Nililizidisha kwa 1.96, kizidishi cha kawaida cha asilimia 95, kisha nikatoa na kujumlisha kwenye 0.95: masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka miwili ya kukadiria uwiano halisi wa shehena nzima, yalitoka 0.882 hadi 1.018. Mbegu haziwezi kuota kupita idadi yake! Je, nikate tu kwenye 1, kisha niandike kwamba uwezekano wa uwiano halisi kuwa humo ni asilimia 95?

Jibu la 1
Hesabu yako ni sahihi. Kanuni ndiyo isiyofaa hapa. Inachukulia kwamba uwiano wa sampuli hutawanyika kwa umbo la kengele, jambo linalokaribia ukweli pale tu zilizoota na zisizoota zote zinapokuwa nyingi (vitabu vingi hutaka angalau 10 kila upande), ilhali wewe una 2 tu zisizoota. Ukikata kwenye 1 utaficha dalili na kuacha ugonjwa, kwa sababu hata mpaka wa chini una kasoro. Kanuni ya mtaalamu Edwin Wilson ya mwaka 1927, njia nyingine ya kukokotoa mipaka hiyo, inatoa 0.835 hadi 0.986.

Jibu la 2
Kwa anayepiga hesabu kwa mkono ipo njia nyepesi: ongeza mbegu 2 za kufikirika zilizoota na 2 zisizoota, upate 40 kati ya 44, kisha urudie kanuni yako ileile. Utapata 0.824 hadi 0.994. Kumbuka pia kwamba kama zote 40 zingeota, kanuni ya kawaida ingekupa 1 hadi 1, kana kwamba umeipanda shehena nzima.

Jibu la 3
Sentensi yako ya mwisho nayo irekebishwe. Uwiano halisi wa shehena ni namba moja isiyobadilika. Kinachobadilika ni masafa, kwa kuwa kila sampuli huzaa mipaka yake. Kwa maana aliyoieleza mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1937, asilimia 95 ni sifa ya utaratibu: ukirudiwa mara nyingi, takriban masafa 95 katika kila 100 yataunasa uwiano halisi. Haya yako ama yameunasa ama yameukosa.

Muulizaji
Nimerudia kwa kanuni ya Wilson na mipaka imelingana. Sentensi ile nimeifuta.