Siku moja Grand Cayman: taa, ufukwe au teksi ya kuzunguka?

Ndimu_Kavu: Wakuu, mwezi wa saba tunapanda meli ya kitalii, na kuna siku moja ya kushuka kisiwani. Mke wangu anataka kwenda kuwaona taa. Mimi nataka ufukwe, nilale. Safari ya taa inauzwa melini, ila wenye boti zao kisiwani wanauza karibu nusu ya hiyo bei. Nishike lipi? Mwisho wa kulipa kesho.

Nanga_Juu: Kisiwa gani? Meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Mna saa ngapi? Mko wangapi? Umeuliza bei ya nguo bila kusema kanzu au kaptula.

Mzee wa Kona: Taa gani hizo, za barabarani? 😂

Ndimu_Kavu: Samahani wakuu. Grand Cayman, kisiwa cha Karibiani, meli inaanzia Miami. Taa samaki, yule bapa mwenye mwiba mkiani. Tunafika saa moja asubuhi, meli inang'oa nanga saa kumi jioni. Tuko wanne.

BiTatu: Nendeni kwa taa, wala usijiulize. Kuna fungu la mchanga kwenye ghuba ya North Sound, katikati ya maji unasimama na maji yanakufika kiunoni tu. Zamani wavuvi walikuwa wakisafishia samaki pale na kutupa matumbo, taa wakazoea. Anakupita mguuni laini kama kitambaa cha hariri kilicholowa. Ila buruta nyayo, usizinyanyue. Ukimkanyaga ndipo utaujua mwiba.

Kasa_Mzee: Mimi niko na mwenye uzi, ufukwe. Seven Mile Beach, ingawa hizo maili saba hazitimii, na upande wa kusini bahari imeshakula mchanga mwingi. Mwambie dereva akupandishe kaskazini kidogo. Na angalia bei, dola yao ni kubwa kuliko ya Marekani. Ukiona 20 kwenye menyu, wewe utatoa 25.

Nanga_Juu: Hapo hakuna gati la meli kubwa. Mnashushwa kwa boti hadi George Town, na mnarudi kwa boti. Nisikilizeni yaliyonikuta, maana wengi hamsemi.

Tulienda kiangazi kama wewe. Miami kiangazi wanasogeza saa mbele, Cayman hawasogezi mwaka mzima. Meli ikabaki na saa ya Miami, simu yangu ikajigeuza yenyewe ikafuata kisiwa. Boti ya mwisho ilikuwa saa tisa na nusu. Mimi nimejilaza, natazama simu, saa nane na nusu, namwambia mke wangu tulia, bado saa nzima. Yeye ana saa ya mkononi ya mishale, mkanda umelowa chumvi, hajaigusa tangu tupande meli. Akanigeuzia mkono bila kusema neno. Saa tisa na nusu!

Teksi, jasho, mtoto kapoteza ndala moja na hakuna aliyerudi kuiokota. Kilichotuokoa ni foleni ya watu waliochelewa kama sisi, boti ikabidi iwabebe wote. Safari ya kununua melini ikichelewa, meli inawasubiri. Ya nje, shauri yako.

Kasa_Mzee: Nchi ina mabenki kila kona inakosaje gati?

BiTatu: Walipiga kura 2025, wakakataa. Waliopinga walihofia gati lingeharibu matumbawe.

Kasa_Mzee: Kwa hiyo mgeni apange foleni ya boti kwa ajili ya mawe?

BiTatu: Hayo mawe ndiyo watu wanalipa kwenda kuyapigia mbizi, kaka.

Ndimu_Kavu: Nilisahau jambo. Mmoja wa hao wanne ni mama mkwe. Haogelei, na boti ndogo zinamtapisha.

Nanga_Juu: Hilo ndilo ungeanza nalo! Kushuka boti, kwenda kwa taa boti, kurudi boti, kupanda meli boti. Mama wa watu atapanda boti mara nne siku moja.

BiTatu: Basi gaweni. Mkeo aende kwa taa, mama apelekwe kwa teksi West Bay kwenye kasa.

Kasa_Mzee: Kasa hao wanafugwa na nyama yao inauzwa. Mimi siingii pale.

BiTatu: Na jina ulilojipa humu?

Kasa_Mzee: Jina ni jina.

Ndimu_Kavu: Mke wangu kasoma uzi wote. Kaniuliza jambo moja tu, kama mimi na mama yake tutaweza kukaa mwavuli mmoja kwa saa sita nzima. Sijajibu. Sijalipa pia.

Mzee wa Kona: Huko wanaendesha kushoto au kulia?

Nanga_Juu: Kushoto.